KUMTETEA MUNGU KWA UONGO BADO NI UONGO

 

Leo nina neno gumu kidogo. Nitajichapa mimi kwanza, ndipo nikufikie wewe.

Wiki hii nimetumiwa ujumbe mmoja wa sauti mara nyingi sana kwenye vikundi vya WhatsApp. Mtumishi anasema kwamba anime zote, hizo katuni za Kijapani ambazo vijana wetu wanazitazama usiku, zimetengenezwa kuzimu, na mtoto anayezitazama ameshafanya agano na mapepo. Wazazi wananitumia na kuuliza, "Pasta, unasemaje?" Wanangoja niseme Amina.

Siwezi kusema Amina. Si kwamba nimepoa kiroho. Ni kwamba mahubiri hayo nimewahi kuyahubiri mimi mwenyewe, na najua yalizaa nini.

Ilikuwa kambi ya vijana, likizo ya Agosti 2019. Nilisimama nikahubiri saa nzima dhidi ya Naruto na Death Note. Habari zote nilizitoa kwenye ujumbe kama huo unaozunguka sasa. Sikuwa nimetazama hata dakika 5. Nilipomaliza, kijana mmoja wa kidato cha tatu akanijia, akaniuliza kwa adabu, "Pasta, wewe umeitazama?" Nikamjibu mbele ya watu kwamba sihitaji kuonja sumu ndipo nijue inaua. Kambi nzima ikapiga makofi.

Usiku tukawasha moto. Nikaagiza kila aliye na picha au kitu chochote cha anime akilete. Yule kijana akaleta daftari lake la kuchora. Nikalifungua mbele ya wenzake. Ukurasa nilioukuta ulikuwa na vazi kubwa la chuma, kama la askari wa zamani, macho matupu, limepiga magoti, na mvulana mdogo amelishika mkono. Nikaliinua juu nikasema, "Mnaona pepo hili?" Kisha nikalitupa motoni. Kijana hakusema neno. Kufikia Desemba alikuwa ameacha kuja kanisani.

Mama yake nilikuwa nimemzika mimi mwenyewe mwezi wa nne mwaka huo huo.

Sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka 2023, binti yangu aliponiomba niketi naye nitazame anime moja tu kabla ya kuhubiri tena. Inaitwa Fullmetal Alchemist: Brotherhood. Ina sehemu 64, na ilitoka 2009 na 2010. Hadithi yenyewe iliandikwa na kuchorwa na Hiromu Arakawa, mwanamke aliyelelewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani.

Ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanafiwa na mama yao. Wao ni watoto wenye akili nyingi, wamejifunza alkemia, basi wanajaribu kumrudisha mama kwa nguvu zao. Kinachotokea pale sakafuni si mama. Edward anapoteza mguu. Alphonse anapoteza mwili wote. Edward anatoa na mkono wake pia ili aifunge roho ya mdogo wake ndani ya vazi la chuma lililokuwa mle chumbani. Tangu siku hiyo Alphonse hali, halali, hahisi joto la mkono wa mtu.

Nilipoliona lile vazi la chuma kwenye runinga, nilimwomba binti yangu asimamishe. Nikatoka nje.

Mpendwa, ile picha haikuwa ya pepo. Ilikuwa ya mtoto aliyempoteza mama yake. Naamini yule kijana alikuwa ananionyesha mimi, mchungaji wake, jinsi anavyojihisi tangu mazishi. Nami nikaichoma huku watu wakiimba.

Sasa nisikilize, mtumishi mwenzangu. Kitabu cha Mithali 18:13 kinamwita mpumbavu mtu anayejibu jambo kabla hajalisikiza. Amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Mjapani pia ni jirani. Na katika Ayubu 13:7, Ayubu anawauliza marafiki zake kama wanadhani Mungu anahitaji wamtetee kwa maneno ya udanganyifu. Marafiki hao walikuwa watu wa dini. Walikuwa na bidii. Mwishoni mwa kitabu, Mungu anakasirika nao, si na Ayubu.

Kwa hiyo tuyapime haya tunayoyasema mimbarini.

Tulisema Pokémon ni jina la pepo. Pokémon ni ufupisho tu wa maneno yenye maana ya mazimwi wa mfukoni, kwa sababu mchezaji anawabeba ndani ya vijipira. Huo ndio ukweli wote. Tuliwatisha watoto miaka nenda miaka rudi kwa jambo ambalo mtu angeuliza swali moja akajua.

Tulisema zile ishara za mikono za Naruto zinaita mapepo. Ukweli ni kwamba ishara zile zimebuniwa kwa kuchota kwenye desturi za kidini za zamani za Asia, na katika hadithi zimepewa majina ya wanyama 12 wa kalenda yao: panya, ng'ombe, chui milia na kuendelea. Mwambie mtoto hivyo hivyo. Mwambie kwamba zimetoka kwenye dini isiyo yetu, na sisi hatuombi hivyo. Lakini usimwambie kwamba akizifanya pepo litatokea. Mtoto huyo amezifanya mara 100 akitoka shule na wenzake, na hakuna kilichotokea. Sasa amejua kwamba pasta amedanganya. Siku utakayomwambia habari za vita vya kiroho vya kweli, atakumbuka Naruto, atacheka moyoni. Unaona hasara? Ulitumia imani yake yote kununua kitu cha bure.

Na tulisema Death Note inafundisha watoto kuua. Hii ndiyo iliyoniudhi zaidi nilipoitazama, kwa sababu ni kinyume kabisa.

Death Note ina sehemu 37. Light Yagami ni mwanafunzi bora, mtoto wa afisa wa polisi, kijana ambaye kila mzazi angetaka awe wake. Anaokota daftari lililoangushwa na Ryuk, kiumbe wa kifo aliyechoka kukaa bila kazi. Ukiandika jina la mtu mle ndani huku unaujua uso wake, anakufa. Light anaanza na wahalifu sugu. Anasema anasafisha dunia. Katika sehemu ya kwanza tu ameshatangaza kwamba atakuwa mungu wa dunia mpya. Hazipiti sehemu nyingi, anaua wapelelezi ambao kosa lao ni kumtafuta yeye. Anaishia akivuja damu, peke yake, na jina lake linaandikwa na Ryuk yule yule, ambaye alimwonya tangu mwanzo kwamba siku hiyo itafika. Ryuk hakuwa rafiki. Alikuwa anatafuta burudani.

Hayo si ni Mwanzo sura ya 3? Mtu anaambiwa anaweza kuwa kama Mungu, anaamini, na aliyemdanganya anasimama kando akitazama. Mimi nimehubiri juu ya kiburi miaka mingi, na sijawahi kumfanya kijana wa miaka 17 anyamaze kwa hofu kama sehemu ile ya mwisho inavyomnyamazisha.

Sasa wewe kijana unayesoma huku ukitabasamu, na wewe subiri. Zamu yako inakuja. Kwanza nimalize na wazee.

Demon Slayer. Filamu yake ya Mugen Train ilitoka 2020 ikavunja rekodi ya mapato ya filamu zote nchini Japani. Jina tu la "demon" linatosha mchungaji kuifunga. Tanjiro ni muuza makaa maskini. Familia yake inauawa na pepo mla watu, anabaki na dada yake Nezuko ambaye amegeuzwa kuwa pepo. Badala ya kumkimbia, anambeba mgongoni ndani ya sanduku mchana ili jua lisimuue, huku akitafuta dawa ya kumrudisha kuwa mtu. Na mara nyingi anapoua pepo, analihurumia. Kuna moja lililokuwa limekula watoto wengi. Linapokufa, Tanjiro analishika mkono na kuliombea.

Najua. Mafundisho yao kuhusu mapepo si yetu. Katika hadithi ile, mapepo yalikuwa watu zamani. Katika Maandiko sivyo. Mwambie mtoto hivyo bila kuzunguka. Lakini niulize swali moja: sisi tunaojua mafundisho sahihi, tukiletewa binti anayesumbuliwa, tunambeba? Au tunalifukuza pepo pamoja na binti mwenyewe, kisha tunamsimulia ibada tatu zinazofuata? Muuza makaa wa kubuniwa ametushinda huruma. Ona aibu pamoja nami.

Vinland Saga. Hadithi ya Waviking wa karne ya 11, kazi ya Makoto Yukimura. Thorfinn anamwona baba yake akiuawa. Anakua akimfuata muuaji huyo miaka mingi, akipigana vita vyake, ili tu apate nafasi ya kulipiza kisasi. Kisasi hicho hakipati kamwe. Mtu mwingine anamuua adui yake, naye anabaki mtupu kama gunia. Sehemu ya pili ya hadithi, iliyotoka 2023, anakuwa mtumwa shambani Denmark, analima, anaota watu aliowaua. Mwishoni anakubali kupigwa ngumi 100 bila kurudisha hata moja, kisha anasema hana adui. Kijana mmoja wa kwetu aliniambia kwamba baada ya kutazama hiyo alimpigia simu ndugu yake ambaye hawajazungumza kwa sababu ya kesi ya shamba. Mimi nilikuwa nimemhubiria Warumi 12 mara ngapi?

Halafu Attack on Titan. Kama hujamaliza, ruka aya hii. Msichana mdogo anaitwa Gabi. Amelelewa kwa chuki, na amemuua Sasha, askari wa upande wa pili. Baadaye wazazi wa Sasha wanamkaribisha Gabi nyumbani bila kujua ni nani. Ukweli unapotokea, baba anaulizwa kama anataka kumuua kwa kisu. Anakataa. Anasema kwa maneno yake kwamba dunia imekuwa msitu wa kuwindana, na ni kazi ya watu wazima kubeba dhambi za zamani ili watoto watoke msituni. Sisi Wakenya tulioyaona ya mwanzo wa 2008 tunajua msitu huo. Tunajua ni nani waliokuwa wanawaambia watoto wachukue panga. Na wengine wao walikuwa wanakuja kanisani.

Hapa pia nina ugomvi na mashabiki. Kuna vijana wanaomsifu Eren, shujaa wa hadithi hiyo, ambaye mwishoni anaamua kuwakanyaga watu wa dunia nzima ili watu wake wawe huru, na anaua asilimia 80 ya wanadamu. Wanaweka picha yake kwenye simu. Wananiambia, "Pasta, hakuwa na njia nyingine." Kijana, kila muuaji wa halaiki husema hakuwa na njia nyingine. Ukitoka kwenye hadithi ile ukimkumbuka Eren na kumsahau baba yake Sasha, hukutazama. Ulipitisha macho tu.

Sasa zamu yako imefika.

Wewe shabiki utachukua ujumbe wangu huu umwonyeshe mama yako na kusema, "Umeona, hata pasta ameruhusu." Sijaruhusu. Nimesema tusidanganye.

Kuna mfululizo unaoitwa The Seven Deadly Sins. Ukisikia jina utadhani ni mahubiri. Shujaa wake, Meliodas, kazi yake ya kila mara ni kumshikashika msichana Elizabeth mwili bila ruhusa, na tunatakiwa tucheke. Sicheki. Nina binti. Katika My Hero Academia, ambayo ina mambo mengi mazuri kuhusu kujitoa kwa ajili ya wengine, kuna mvulana anaitwa Mineta ambaye mzaha wake wote ni kuwachungulia na kuwasumbua wasichana wa darasa lake. Mzaha huo ukiuona mara 50, siku moja utaufanya kwa matatu ukidhani wewe ni mchekeshaji. Na zipo anime nyingine ambazo sizitaji hapa, zinazochora wasichana wenye umri wa shule kama chambo cha tamaa. Unazijua. Unajua pia kwa nini unapunguza mwangaza wa simu mtu akipita. Hizo usiniletee kwa jina la sanaa. Zima, futa, tubu.

Na kuna usiku. Sehemu moja ni dakika 20 na kitu, kwa hiyo unasema moja tu. Saa tisa usiku bado uko hapo, bando limeisha, mtihani ni asubuhi, na mama anayeuza mboga ili ulipiwe karo anafikiri umelala. Hiyo si dhambi ya Wajapani. Ni yako.

Tena usiniambie kwamba anime imekutosha na huhitaji Injili. Rudi kwa Brotherhood, ambayo naipenda kuliko zote. Sheria yake kuu ni kwamba huwezi kupata kitu bila kutoa kitu chenye thamani sawa. Ndugu wale wawili wanahangaika kwa sheria hiyo hadithi nzima, na mwishoni Edward anatoa uwezo wake wote wa alkemia ili ampate mdogo wake. Nililia. Lakini mama hakurudi. Mwandishi ni mkweli: hakuna cha kutosha mkononi mwa binadamu cha kununua aliyekufa. Japani ni nchi ambayo Wakristo ni kama mmoja tu kwa kila watu 100, na mwandishi wake amefika mpaka mlangoni pale. Sisi ndio tuliopewa habari ya kilicho upande wa pili wa mlango: kwamba bei ililipwa na mwingine, na kaburi likaachwa wazi. Hiyo ndiyo habari ambayo kijana wangu alihitaji pale motoni. Angeisikia kutoka kwa nani, ikiwa mwenye habari alikuwa anachoma daftari?

Basi tufanye nini? Mtazame Danieli. Sura ya 1 inasema alifundishwa maandiko na lugha ya Wakaldayo, na Mungu mwenyewe akampa akili ya kuyaelewa. Na sura hiyo hiyo inasema alikataa chakula cha mfalme. Alisoma vitabu, akakataa meza. Alijua tofauti. Kanisa letu limechagua nusu moja, likakataa kila kitu bila kusoma chochote. Vijana wetu nao wamechagua nusu nyingine, wanasoma kila kitu na kula kila kitu. Danieli alifanya yote mawili, ndiyo maana mfalme alipoota ndoto, yeye ndiye aliyeifasiri.

Mzazi, katuni si lazima iwe ya watoto. Death Note, Attack on Titan na Vinland Saga zina damu nyingi. Usimwachie mtoto wa darasa la nne simu ukidhani ni Tom na Jerry. Lakini kwa huyo mkubwa wako, keti naye. Sehemu moja tu. Kisha muulize: huyu unayempenda, unampendea nini? Ni wapi hapa amesema uongo? Na kuna mahali ulipojiona wewe? Swali la tatu ndilo kubwa. Mngoje ajibu, hata akikaa kimya dakika nzima.

Mchungaji, kama hujatazama, sema hujatazama. Hilo halitakushusha. Vijana wanaweza kumheshimu mtu asiyejua. Hawawezi kumheshimu anayejifanya anajua.

Yule kijana nilimtafuta. Nilipata namba yake kwa shangazi yake. Anafanya kazi ya kuandika mabango ya maduka, mji mwingine. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia sasa najua Alphonse ni nani. Alikaa kimya, kisha akasema, "Ni sawa, Pasta." Hajarudi kanisani, na sitakuandikia ushuhuda ambao haujatokea. Namwombea kila siku ya Alhamisi, siku ambayo tulimzika mama yake.

Tuombe.

Baba, tusamehe kwa kusema mambo tusiyoyajua kwa jina lako. Tusamehe kwa kila mtoto tuliyemfukuza tukidhani tunafukuza pepo. Tupe masikio kabla ya mdomo. Wape vijana wetu akili ya Danieli ya kusoma na moyo wa Danieli wa kukataa. Na yule aliyekaa ndani ya chuma baridi tangu amzike mama yake, mfikie wewe, Bwana, mahali ambapo sisi tulishindwa. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama neno hili limekugusa, usiandike Amina hapa kwanza. Nenda chumbani kwa mtoto wako, ubishe hodi, umuulize anatazama nini. Kisha rudi uandike.